Viti Viwili vya Nyuma

Boke Nchagwa anashona viti vya magari pale Sirari, nyuma ya vibanda vya wabadilisha fedha, na ukimkuta na sindano mdomoni usimsemeshe. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa kuvuta uzi miaka ishirini. Madereva wa malori ya masafa wanamjua. Kiti kikichoka mpaka chuma kikaanza kumchoma mtu kiunoni, wanampelekea Boke, na jioni wanaondoka wamekaa kama mabwana. Lakini kwao Nyakunguru, alikozaliwa, kwa miaka tisa hakuna aliyemwita fundi. Walimwita mwizi wa viti.

Na lisemwe mapema: hakuiba. Hakuiba hata kipande cha sponji.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja Mjaluo, Ogola, upande wa pili wa mpaka, Isebania. Ogola alikuwa mkali. Hakumruhusu Boke kugusa leza, ile ngozi ya kushonea viti, mwaka mzima. Alimlaza chini ya magari, akamwambia apapase sakafu. "Kiti kinaanzia pale bolti inapoingia, nyathina," alikuwa akimwambia, yaani mwanangu. "Hapo juu ni mapambo. Usiponijulia sakafu, rudi kwa mama yako ukapalilie mihogo." Boke alizijua sakafu za magari kama wengine wanavyojua nyuso za watu wa ukoo wao. Elimu hiyo ndiyo iliyomwonyesha ukweli siku ile, na haikumsaidia chochote.

Sasa njoo kwa Athanas. Athanas ni mtoto wa hapohapo Nyakunguru. Alianza kwa kuponda mawe ya dhahabu kama wenzake, shimo likamkubali, akatajirika. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba kila alichonunua alikinunua ili jirani asilale. Alijenga ukuta mrefu kuliko wa kanisa. Halafu mwaka 2016 akaleta gari.

Lilikuwa gari la spoti la Kijerumani, jekundu, fupi, tumbo karibu liguse ardhi. Alilinunua Nairobi, likapitia Sirari, makaratasi yakashughulikiwa na Gladys, wakala wa forodha, rafiki yake Boke. Kijijini lilifika juu ya lori, limefunikwa turubai, maana barabara ya Nyakunguru ingelichana tumbo. Watu walikimbia nyuma ya lori. Hawakuona kitu ila turubai na magurudumu, lakini wiki nzima hakukuwa na habari nyingine.

Baada ya siku chache Athanas alilipeleka kwa Boke, juu ya lori vilevile. "Dada Boke, viti vya mbele vigumu kama kinu. Nitilie sponji humo. Jumapili nina wageni."

Boke akafungua mlango, akashika kitambaa. Kwa ndani mlango haukuwa na mkono wa kuvutia. Kulikuwa na ukanda wa kitambaa chekundu, basi. Akachungulia. Redio hakuna. Kiyoyozi hakuna. Zulia hakuna, bati tupu. Kioo cha nyuma kilikuwa plastiki. Viti vya mbele vilikuwa magamba membamba, kimoja unakinyanyua kwa vidole viwili. Na nyuma, mahali pa viti viwili vya abiria, palikuwa patupu.

Aliingia kwa magoti akapapasa sakafu, kama alivyofundishwa. Hakukuta tundu la bolti. Hakukuta mahali pa kufungia mikanda. Rangi ilikuwa ya kiwandani, safi, haijawahi kuguswa na chuma. Gari hili halikuwahi kuwa na viti vya nyuma tangu lizaliwe.

"Bwana Athanas," akamwambia, "mbona nyuma hakuna kitu?"

"Ndivyo lilivyo," Athanas akamjibu, hakutaka hata kumtazama. "Wewe shughulika na mbele."

Akashughulika na mbele. Siku ya tatu, Jumamosi, gari likachukuliwa.

Jumapili wageni wakaja. Wakala, wakanywa, wakaomba kuona gari. Athanas akavuta turubai kwa mbwembwe zote, akafungua milango. Shemeji yake, mtu wa Musoma mwenye mdomo, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda, akatoka anacheka. "Shemeji, umeuziwa fuvu. Panya wamekula kila kitu." Wageni wote wakaangua kicheko.

Hapo ndipo palipomshinda. Gari lile lilikuwa na siri ambayo Athanas aliijua vizuri: kiwandani walitengeneza la kawaida, lenye starehe zote, kisha wakatengeneza machache mepesi kwa ajili ya viwanja vya mbio, wakayanyang'anya viti, redio, zulia, kila kilo isiyokimbia. Na hayo mepesi yaliuzwa ghali kuliko yale kamili. Athanas alilipa zaidi ili apewe pungufu. Sasa hebu simama mbele ya watu wa Nyakunguru, na pombe kichwani mwao, uwaeleze jambo kama hilo. Wangemcheka mpaka anaingia kaburini. Athanas aliwatazama waliokuwa wakicheka, akatafuta njia, akaiona.

"Lilikuwa na kila kitu," akasema. "Limetoka kwa Boke jana."

Kicheko kikakatika. Sentensi moja, na fedheha ikahama nyumba.

Jumanne wanaume wakakutana kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, wakaketi ritongo, baraza lao. Kwa Wakurya, ritongo ndilo linalomhukumu mwizi kabla polisi hawajavaa viatu, na likishasema limesema. Mwanamke hasimami pale kujitetea. Anasimama baba yake au mume wake. Boke hakuwa na mume, kwa hiyo alisimama Mzee Nchagwa, mtu wa ng'ombe na mtama ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda gari dogo.

Boke alikuwa amemfundisha asubuhi yote. Mzee akasimama, akashika fimbo, akayarudia kama mtoto wa shule: "Binti yangu anasema sakafuni hakuna matundu. Bolti zingeacha matundu."

"Matundu gani?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa Mzee Simioni, mkubwa wa wazee wa mila.

"Ya bolti," mzee akasema.

"Bolti ipi, inakaa wapi?"

Mzee Nchagwa hakujua inakaa wapi. Alimtafuta binti yake kwa macho, mbali kule walikokaa wanawake, na Boke akashindwa hata kumwonyesha kwa mkono. Mtu mmoja akauliza ni mzungu gani atengeneze gari la bei vile asahau kuweka viti. Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka baba, na hakuna aliyekwenda kuitazama sakafu yenyewe. Na hilo ndilo lililowamaliza, kwamba kitu kisipokuwepo basi kuna aliyekichukua. Athanas akaapa kwamba viti viwili vilikuwepo. Ritongo likatoza dume moja, na mzee akalileta lile jeusi lenye doa jeupe begani, alilolikuza mwenyewe kwa mkono tangu ndama, maana ng'ombe mama alikufa akilizaa. Lilichinjwa palepale, likachomwa, likaliwa. Athanas alipewa nyama ya mbavu.

Nyumbani mzee alimuuliza binti yake mara moja tu. "Hukuvichukua?"

"Sikuvichukua, Tata."

"Basi."

Hakuuliza tena. Lakini hakukanyaga mnada tena pia, na mtu wa ng'ombe asiyekwenda mnadani amekwisha. Mwaka wa pili akafa. Waliokuja kuzika hawakujaza hata benchi tatu. Boke hakulia pale kaburini, na wanawake walimsema kwa hilo. Machozi alikuwa nayo, sana, ila aliona akilia hasira itatoka nayo, na hasira yake aliitaka ibaki nzima.

Ikabaki. Miaka ilikwenda, akawa anashona viti vya watu, na katika kila kiti alimkalisha Athanas. Alipopiga misumari alijua anampiga nani. Wateja waliona fundi mwenye bidii. Kulikuwa na siku alizochoka kuchukia, akatamani kuacha, kisha akipanda bodaboda kwenda kwao kumpelekea mama yake sukari, anasikia mama fulani akiwaambia watoto wake waingize vigoda ndani, Boke anapita. Hapo moto unawaka upya.

Mwaka wa sita, Gladys alimjia kibandani, akaketi, akashindwa kunywa chai aliyopewa. Alikuwa amekosana na Athanas, na aibu ilikuwa imemlemea muda mrefu.

"Boke, kuna karatasi," akasema. "Siku gari linavuka, lilikaguliwa. Tuliandika vilivyomo, kimoja kimoja. Viti viwili, vya mbele. Redio hakuna. Athanas akaweka sahihi yake na tarehe. Nilinyamaza kwa sababu mizigo yake yote ilikuwa inapitia kwangu."

"Iko wapi?"

"Anayo yeye. Ya ofisini ilipotea tulipohama."

Boke alitaka kumzaba kibao. Mkono ulinyanyuka kabisa. Akaurudisha, akachukua kikombe cha Gladys, akakinywa mwenyewe mpaka chini. "Umenichelewesha," akasema. "Baba yangu angeisikia." Gladys akalia. Boke akamwacha alie.

Kwa hiyo alijua sasa kwamba Athanas hakukosea. Alidanganya akiwa na ukweli mfukoni, wenye sahihi yake. Kumshtaki hakuweza, karatasi alikuwa nayo adui. Ilibidi Athanas aitoe mwenyewe, mbele ya watu walewale, kwa mkono wake. Atafanyaje? Hilo Boke alilibeba miaka mitatu mingine.

Mwaka jana mashimo ya Athanas yakaingia maji, mambo yakamwendea kombo, akaamua kuuza gari. Akapatikana Okal, Mkenya anayeshindana mbio za magari viwanjani, mtu mwembamba, mpole, mwenye maswali. Okal alifika Sirari, akala samaki hotelini, akawauliza watu kama wanalijua gari jekundu la Nyakunguru. Wakamwambia wanalijua sana, lile ambalo Boke aliiba viti vyake.

Okal akaacha samaki. Huyo mtu alikuwa anatafuta gari jepesi la kweli. Alijua wapo wajanja wanaochukua la kawaida, wanaling'oa viti na redio, wanaliuza kama jepesi. Kama kuna mtu aling'oa viti, basi gari lile lilikuwa la kawaida lililovuliwa nguo. Akampigia simu Athanas: bila karatasi ya ukaguzi ya siku lilipovuka, au bila huyo mwanamke kusema mwenyewe mbele ya mashahidi, hanunui. Athanas akajibu karatasi ilipotea. Uongo wake wa mwaka ule ulikuwa umemrudia nyumbani, na bado aliona afadhali aufunike kwa mwingine.

Jioni hiyo Boke akapata habari kwa mwenye hoteli, aliyeisikia simu ile. Kesho yake akaagiza vyuma kwa mchomeleaji, akanunua sponji na leza nyeusi, akaanza kushona viti viwili vidogo vya nyuma, uzi mwekundu pembeni, mshono uleule wa viti vya mbele aliouona miaka tisa nyuma na ambao hakuwahi kuusahau. Alivishona kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote. Vilipokwisha akavisugua kwa vumbi, akavianika juani, akavikalia, akavimwagia chai kidogo, mpaka vikazeeka vya kutosha. Akavifunika kwa gunia.

Athanas akaja Ijumaa. Alikuja kwa miguu, hana miwani yake ya jua ya siku zote, anatabasamu.

"Dada Boke, habari za kazi."

"Nzuri, Bwana Athanas. Karibu kiti."

Hakukaa. Alieleza shida yake akizungukazunguka. Kwamba kuna mgeni. Kwamba yale ya zamani yalikuwa ni kutoelewana tu, yeye mwenyewe gari hakulijua, amekuja kusoma baadaye kwamba magari ya aina ile hayana viti. "Tulikosea sote," akasema. "Wewe mwambie tu Okal kwamba hukutoa kitu. Si ndiyo ukweli wenyewe? Na jina lako linasafika."

Sote. Boke alisikia neno hilo likimpanda mgongoni. Hapo, lazima tukiri, aliyumba. Jina lake lilikuwa pale, linatolewa kwa mkono, angelichukua tu. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Utakwenda kwa Mzee Simioni umwambie ulijua tangu siku ya kwanza? Ukisema hivyo tu, yamekwisha."

"Nijue vipi?" Athanas akasema. "Nimekwambia sikujua."

Alikuwa anamwangalia machoni akisema hivyo. Boke akashukuru kimoyomoyo, maana kuyumba kote kulikwisha.

"Sawa," akasema. "Mlete mgeni Jumanne, uwanja wa mnada. Gari lije na lori. Nitasema mbele ya watu, asije akaleta maswali mengine."

Jumanne uwanja ulijaa, ng'ombe huku, watu huku. Lori liliteremsha gari jekundu kwa mbao, na wazee wakasogea, Mzee Simioni mbele, amezeeka, anaegemea fimbo. Boke alishuka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu akiwa na mzigo chini ya gunia. Akawaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitika kwa kusitasita. Mmoja akanong'ona kwamba mwanamke hasemi pale.

"Leo siyo ritongo, baba," Boke akamjibu. "Leo ni mnada."

Okal akamsogelea. "Mama, sitaki maneno mengi. Hii gari ilikuwa na viti vya nyuma ama haikuwa?"

Athanas alikuwa amesimama pembeni, mikono imefumbatana, uso umelegea kwa raha.

"Ilikuwa navyo," Boke akasema. "Niliviiba mimi."

Akavuta gunia. Viti viwili vyeusi, uzi mwekundu, vikakaa juani mbele ya watu mia mbili. "Na redio niliiba, na kiyoyozi, na zulia. Baba yangu alitozwa kwa haki. Vimenisumbua rohoni, navirudisha."

Okal akapiga goti, akagusa leza, akautazama mshono, akatazama wa viti vya mbele. Sakafu hakuipapasa, hakufundishwa na Ogola. Akainuka, akajipangusa goti. "Basi ni ya kawaida," akasema. "Pole, Bwana Athanas. Hii gari imevuliwa tu. Mimi naenda."

"Ngoja," Athanas akasema. "Anadanganya huyu. Gari halikuwa na viti."

"Mwenyewe amekubali."

"Anadanganya. Halikuwahi kuwa navyo."

"Unajuaje?" Boke akamuuliza taratibu. "Si ulisema hukulijua?"

Okal alikuwa ameshika mlango wa gari lake. Athanas aliutazama mkono ule mlangoni, akatazama watu, na tamaa ikamshinda nguvu. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha ya nailoni, akaikunjua mbio. "Hii hapa. Karatasi ya ukaguzi, Sirari. Soma. Viti viwili tu, vya mbele. Redio hakuna. Sahihi yangu hii. Tarehe hii, wiki moja kabla halijafika kwake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Huyu mwanamke hakuiba kitu, nawaapia, hakuiba hata uzi."

Aliyasema kwa sauti kubwa, kwa sababu alitaka Okal ayasikie. Wote waliyasikia.

Okal akaisoma karatasi, polepole, akaikunja, akamrudishia. "Gari ni ya ukweli," akasema. "Lakini uliniambia hii karatasi ilipotea. Sijui umenificha ngapi nyingine." Akapanda gari lake, akashika njia ya Sirari, wala hakukimbiza.

Athanas akabaki na karatasi mkononi. Akageuka, na ndipo alipowaona wazee, wote, wanamtazama. Wengine walikuwa wamekula dume lile. Mzee Simioni alimtazama Boke, akapiga fimbo chini.

"Sasa ni ritongo," akasema. "Kaeni."

Wanaume wakaketi chini, kwenye nyasi, duara, kama kawaida yao. Wanawake wakaanza kurudi nyuma. "Wewe Boke baki," mzee akasema, bila kuinua macho. Akamnyooshea fimbo Athanas. "Na wewe usisimame kama mtu anayetaka kukimbia. Keti."

Athanas akatafuta pa kukaa. Duara lilikuwa limejaa, hakuna aliyejisogeza. Boke akanyanyua kiti kimoja cha nyuma, kile cha kulia, akakibeba mpaka katikati, akakipangusa vumbi kwa kanga yake, akamwekea.

Akakaa. Kilimkaa sawasawa kiunoni, maana Boke hajawahi kushona kiti kibaya.